Babu alilazwa Kibong'oto miaka miwili, mbona mdogo wangu ametumwa nyumbani na vidonge?

"Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, ni mchimbaji Mirerani. Mwezi uliopita alipimwa makohozi akakutwa na kifua kikuu. Akapewa vidonge na tarehe ya kurudi kliniki, akaambiwa aende nyumbani. Sasa yuko kwangu Arusha, chumba na sebule, tupo mimi, mume wangu, mama na mwanangu wa miaka 3. Mama hataki kuelewa. Baba yake, yaani babu yetu, alipelekwa hospitali ya Kibong'oto mwaka 1954 akakaa huko karibu miaka 2. Mama anasema serikali ya wakati ule ilijali: ilimpeleka mgonjwa kwenye hewa ya mlimani, akalala, akala, akapona, na sasa tunagawiwa vidonge kama pipi. Ila babu aliporudi alikuwa hasikii vizuri, watu wakasema amelogwa, na kibanda alichokuwa akilala kabla hajaondoka kilikuwa kimeshachomwa moto. Mama ametenga sahani na kikombe cha mdogo wangu, na anataka tumpeleke Kibong'oto hata kwa lazima. Je, mama ana haki? Na ni kweli ugonjwa huu uko kwenye ukoo wetu?"

Marahaba dada yangu. Pole na kuuguza, na mama naye umpe pole, maana hofu yake ina historia.

Nianze na jibu lenyewe usije ukakaa roho juu. Kama kifua kikuu cha mdogo wako ni kile cha kawaida kinachosikia dawa, vidonge alivyopewa ni matibabu kamili, na vina nguvu kuliko chochote alichopata babu yenu mlimani. Kulazwa hakungemwongezea nafasi ya kupona. Lakini mama hajakosea kila kitu. Zile hospitali za zamani zilijua mambo fulani ambayo siku hizi tunayapuuza majumbani, na wapo wagonjwa ambao hata leo wanahitaji kitanda, pengine hukohuko Kibong'oto. Ili mama aone kwa nini mwanawe hayumo kati yao, inabidi aelezwe baba yake alipelekwa kule kufanya nini.

Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, kwenye miteremko ya Kilimanjaro upande wa Siha, si mbali na Sanya Juu. Ilikuwa sanatoria, yaani hospitali ya kulaza wagonjwa wa kifua kikuu kwa miezi au miaka, mbali na watu, penye hewa ya baridi. Jambo la kushika hapa ni kwamba mwaka huo hapakuwa na dawa yoyote duniani iliyoweza kuua bakteria wa kifua kikuu ndani ya mwili wa mtu. Adui alikuwa anafahamika. Robert Koch alishamtangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mwaka 1890 alidhani amepata tiba, akaiita tuberkulini. Haikutibu, ikabaki kuwa kipimo cha ngozi. Kwa hiyo zaidi ya miaka 40 baada ya bakteria kugunduliwa, daktari aliyekuwa mbele ya mgonjwa bado alikuwa mikono mitupu.

Wazo la kumpeleka mgonjwa mlimani lilitoka Ulaya. Miaka ya 1850 daktari Hermann Brehmer alifungua kituo kijijini Görbersdorf, milimani, sehemu ambayo leo iko Poland. Aliamini kwamba sehemu za juu hazina kifua kikuu kabisa na kwamba kule moyo husukuma damu vizuri zaidi hadi mapafu yakapona. Hakuwa sahihi, maana kifua kikuu kinapanda mlima kama kinavyoshuka bondeni, kikifuata watu walikobanana. Mwanafunzi wake Peter Dettweiler, aliyefungua kituo cha Falkenstein mwaka 1876, aliweka mkazo kwenye kupumzika: mgonjwa alazwe barazani saa nyingi, asitembee bila ruhusa. Marekani, Edward Livingston Trudeau, daktari aliyekuwa mgonjwa mwenyewe, alijenga vibanda vya wagonjwa Saranac Lake, jimbo la New York, katikati ya miaka ya 1880. Kisha serikali zikaingia. Jimbo la Massachusetts lilifungua sanatoria yake huko Rutland mwaka 1898, ya kwanza ya serikali ya jimbo nchini humo, na baada ya hapo zikaenea kila mahali, hadi makoloni. Ukitazama mahali Kibong'oto ilipo, kwenye ubaridi wa mlima, unaona wazo lilelile la Brehmer limehamia Afrika.

Maisha ya ndani ya sanatoria yalifanana sana, iwe Ulaya au kwingineko. Siku nzima ilikwenda kwa kipimajoto. Mwenye homa hakuruhusiwa hata kuinuka kunawa. Homa ikishuka anaruhusiwa kukaa, kisha kutembea hatua chache, kisha kazi nyepesi, na joto likipanda tena jioni anarudishwa kitandani kuanza upya. Vitanda viliwekwa kwenye baraza wazi. Maziwa, mayai na nyama vililiwa kwa amri ya daktari. Kila mgonjwa alikuwa na kikopo chake cha makohozi chenye kifuniko, na makohozi yaliteketezwa.

Je, kupumzika kulisaidia? Ni swali zuri, na jibu lake linaeleza ugonjwa wenyewe. Bakteria akiingia ndani kabisa ya pafu, askari wa mwili humzunguka na kumjengea ukuta. Kwa watu wengi ukuta huo unasimama maisha yao yote. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 tu ndio huja kuugua. Kwa aliyeugua ukuta umebomoka: katikati ya donda pafu linaoza na kuacha shimo, shimo linafunguka kwenye njia ya hewa, na bakteria, ambaye anapenda sana oksijeni, anastawi humo na kutoka nje kwa kila kikohozi. Madaktari wa zamani waliona kwamba pafu likitulia, shimo lina nafasi ya kujifunga. Kitanda kilikuwa njia ya kulituliza pafu kwa upole.

Walikuwepo pia waliolituliza kwa nguvu. Kuanzia mwisho wa karne ya 19, kwa wazo la Carlo Forlanini wa Italia, ilienea tiba ya kulilaza pafu kwa hewa. Mgonjwa analala ubavu, mkono umeinuliwa juu ya kichwa. Daktari anatia ganzi kati ya mbavu mbili, anaingiza sindano nene polepole mpaka aone kwenye kipimo cha maji kwamba imefika kwenye nafasi iliyo baina ya pafu na ukuta wa kifua, kisha anaruhusu hewa iingie humo. Pafu linanywea. Hewa ile hunyonywa na mwili baada ya muda, kwa hiyo mgonjwa alirudi kuongezwa nyingine kila baada ya wiki chache, kwa miaka miwili, mitatu au zaidi. Kwingine waliondoa mbavu kadhaa kabisa ili kifua kibonyee juu ya pafu. Wapo waliopona hivyo, na wapo waliokufa mezani.

Hapa naomba mama asikilize kwa makini. Kifua kikuu cha mapafu chenye bakteria kwenye makohozi, bila dawa, huua karibu nusu ya wagonjwa ndani ya miaka 5. Lakini maana yake ni kwamba nusu nyingine hawafi katika muda huo, na sehemu yao hupona bila kutibiwa na mtu. Sanatoria nyingi zilipendelea kupokea wagonjwa ambao ugonjwa haujafika mbali. Ukichukua watu wa namna hiyo, ukawalisha vizuri, wengi wataonekana wamepona, na sifa itaenda kwa mlima. Waliotoka na kurudi kwenye njaa na kazi ngumu waliugua tena, na wachache waliwafuatilia. Sidharau kazi ya wauguzi wa wakati ule, waliokaa na wagonjwa ambao ndugu zao wenyewe waliwakimbia. Ninachosema ni kwamba hewa ya mlimani haikuwa dawa.

Lilikuwepo na jambo jingine ambalo serikali haikulisema kwa sauti: kutenga. Mgonjwa akiwa mlimani haambukizi mjini, na kwa kuwa dawa haikuwepo, kumtoa nyumbani ndiyo kinga pekee iliyobaki. Kwa familia za Kiafrika gharama ilikuwa kubwa. Mtu mzima mwenye shamba na watoto anaondoka mwaka, miaka miwili, hakuna anayelima kwa niaba yake. Na nadharia ya madaktari wengi wa kikoloni ilikuwa kwamba Mwafrika hana kinga kwa kuwa ugonjwa ni mgeni kwake. Nadharia hiyo iliwafanya wasitazame sana mabweni ya vibarua yaliyojaa na posho duni, mambo ambayo ndiyo hasa huubomoa ule ukuta wa mwili. Serikali ya Tanganyika iliweka mtafiti maalumu wa kifua kikuu, Charles Wilcocks, na ripoti yake ya mwisho ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1938. Ugonjwa ulichunguzwa, ila dawa ilikuwa bado.

Sasa tufike kwa babu yenu. Mwaka 1954 ulikuwa katikati ya zama mbili, na naamini ndiyo maana alirudi akiwa hai. Mwaka 1943 Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman kule New Jersey, Marekani, alipata streptomaisini kutoka kwa kijidudu cha udongoni. Ilikuwa dawa ya kwanza iliyoua kifua kikuu kweli. Uingereza ikaijaribu kwa wagonjwa na kutoa matokeo mwaka 1948: waliopata sindano walipata nafuu ya haraka, kisha baada ya miezi michache bakteria wa wengi wao wakawa sugu. Hapo ndipo ilipojulikana sheria ambayo hata leo hatuivunji, kwamba kifua kikuu hakitibiwi kwa dawa moja peke yake. Bakteria wako mamilioni kwa mamilioni ndani ya shimo moja, na siku zote wapo wachache waliozaliwa na usugu kwa dawa fulani. Ukitumia hiyo tu, unaua wengine na kuwaachia hao uwanja. Ukichanganya dawa, aliyekwepa ya kwanza anauawa na ya pili. Mwaka 1952 ikaingia isoniazidi, ya kumeza na ya bei nafuu. Na matibabu kwa dawa hizo yalikwenda mwaka mmoja na nusu hadi miwili, kwa sababu bakteria huyu ni mzito mno: hujigawa mara moja kwa siku hivi, na baadhi hulala usingizi, na aliyelala dawa humgusa kidogo sana.

Mtu aliyeingia sanatoria mwaka 1954 na kutoka mzima baada ya miaka 2, inaelekea sana kwamba alikaa muda wa kumaliza dawa. Na masikio yake ni ushahidi mwingine. Streptomaisini huingia kwenye sikio la ndani na kuua zile seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti na kumsaidia mtu asiyumbe. Seli hizo zikifa hazioti tena. Kama babu alikuwa akiyumba gizani au akisikia mvumo masikioni, picha inakamilika. Hakulogwa. Alilipa usikivu wake kwa ajili ya mapafu yake, na siku hizo hapakuwa na biashara nyingine.

Sasa swali kubwa: kama dawa ndiyo iliyoponya, kitanda kilikuwa cha nini? Lilijibiwa India. Mwaka 1956, mjini Madras, ambao leo ni Chennai, watafiti wakiongozwa na Wallace Fox waliwagawa wagonjwa kwa kura. Kundi moja lililazwa sanatoria, kundi jingine lilibaki nyumbani kwao, nyumba za maskini zilizojaa watu, chakula kidogo, wengine wakiendelea na kazi. Wote walipewa dawa zilezile kwa mwaka mzima. Wa sanatoria walikula vizuri zaidi, wakapumzika zaidi, wakanenepa zaidi. Lakini katika kuponywa kifua kikuu makundi hayo mawili yalikaribiana sana. Na jambo lililowashangaza wengi ni la wanafamilia: waliokaa na mgonjwa nyumbani hawakuugua zaidi ya wale ambao mgonjwa wao alilazwa mbali. Sababu ni kwamba walioambukizwa waliambukizwa kabla mgonjwa hajajulikana, wakati anakohoa bila dawa. Dawa ikianza kufanya kazi, hatari inashuka upesi. Matokeo yalipotoka mwaka 1959, sanatoria zilianza kukosa sababu ya kuwepo, na katika miaka iliyofuata mamia yao duniani yalifungwa au kugeuzwa kuwa hospitali za kawaida.

Sisi Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika kilichofuata, na nadhani watu wetu hawaambiwi vya kutosha. Kuanzia mwaka 1970 wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio ya kufupisha matibabu, kwa ushirikiano wa watafiti wa hapa na wa Uingereza. Majaribio hayo ndiyo yaliyoonyesha kwamba ukiongeza dawa mpya, rifampisini au pirazinamidi, miezi 6 inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikichukua mwaka na nusu. Vidonge anavyomeza mdogo wako vimetokana na makohozi na uvumilivu wa watu wa huku.

Kisha mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mshauri wake mkuu alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Czechoslovakia aliyeugua kifua kikuu mwenyewe akiwa mfungwa kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Hakutaka kujenga sanatoria mpya. Alitaka kila wilaya iwe na mratibu wake, hadubini ya kupima makohozi, dawa zisizokatika, daftari linaloonyesha kila mgonjwa ameishia wapi, na mtu wa kumshuhudia mgonjwa akimeza. Ilifanya kazi vizuri kiasi kwamba miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliuchukua mfumo huo na kuupendekeza kwa nchi zote. Awali mgonjwa wetu alikuja kituoni kila siku, au alilazwa miezi 2 ya mwanzo. Tangu mwaka 2006 tukaanza kumpa mgonjwa nafasi ya kuchagua: aje kituoni, au amezee nyumbani mbele ya msimamizi anayemwamini. Hilo ndilo alilofanyiwa mdogo wako. Anayesema "wanatugawia kama pipi" haoni kwamba usimamizi ule wa sanatoria haukufutwa. Umehamishiwa kwako, dada yangu. Kama wewe ndiye uliyeandikwa kwenye kadi yake, kazi yako ni kumwona akimeza kila siku, pamoja na siku atakayokuambia amechoka na amepona.

Na Kibong'oto haikufa. Leo ni hospitali maalumu ya taifa ya magonjwa ambukizi, na kwa kifua kikuu sugu jina lake ni kubwa. Mwaka 2009 ilianza kutibu wagonjwa ambao bakteria wao hawasikii rifampisini na isoniazidi, na kwa miaka kadhaa wagonjwa wa nchi nzima walipelekwa huko wakakaa miezi, kama zamani. Hata sindano zilirudi, na masikio yakaumia tena kwa baadhi yao, jambo lililotuuma sana. Baadaye matibabu hayo yalisambazwa mikoani, sindano zikaondolewa kwa wagonjwa walio wengi, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mseto wa vidonge pekee, bila sindano, kwa miezi 6 hata kwa wengi wenye ugonjwa sugu. Kwa hiyo mama anapoitaja Kibong'oto hataji mahali pa kufikirika. Ila mlango wa kuingilia siku hizi ni rufaa, si uamuzi wa familia, na anayepewa rufaa ni mwenye ugonjwa sugu uliokorogeka au hali mbaya inayohitaji wataalamu.

Ndiyo maana swali muhimu kuliko kitanda ni hili: je, makohozi ya mdogo wako yalipimwa kwa mashine ya vinasaba, ile ya GeneXpert? Kipimo hicho hueleza kama bakteria yupo na kama ni sugu kwa rifampisini. Muulize mhudumu wa kliniki jibu lake, ni haki ya mgonjwa kulijua. Kama alipimwa kwa hadubini tu, omba apimwe. Na mseme ukweli wote kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu akaacha katikati, au kama alifanya kazi au kulala na mtu mwenye ugonjwa sugu.

Hapa ndipo Mirerani inapoingia, na naona ni jibu la swali lako la ukoo. Kifua kikuu hakirithiwi. Babu aliugua 1954 na mjukuu ameugua sasa, lakini katikati kuna miongo ya watu wa ukoo wenu wasiougua, na kuna mgodi. Vumbi la mawe lenye silika likiingia ndani ya pafu huwaua wale askari wanaojenga ukuta, na pafu lenyewe linakakamaa. Mchimbaji wa namna hiyo ana hatari kubwa ya kifua kikuu kuliko mtu wa kawaida, na wataalamu wa Kibong'oto wamefanya utafiti kwa wachimbaji wa Mirerani kwa sababu hiyohiyo. Waambie kliniki amechimba miaka mingapi. Vumbi linaweza kuacha kovu linalomfanya akose pumzi hata baada ya kifua kikuu kupona, na asirudi shimoni bila kuongea na daktari. Najua kuna riziki ndani ya ushauri huu, na siutoi kirahisi.

Sahani na kikombe mrudishie. Kifua kikuu hakipiti kwenye vyombo, nguo wala kushikana mikono, na kuchoma kibanda cha babu kulitokana na hofu tu. Jinsi kinavyosafiri ilithibitishwa mjini Baltimore, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Richard Riley na wenzake waliivuta hewa ya wodi ya kifua kikuu kwa mabomba hadi darini, walikofuga simbilisi. Wanyama hao hawakugusana na mgonjwa wala chombo chake, walivuta hewa yake tu, na wakaambukizwa. Ni hewa, dada yangu, na hapo ndipo wajenzi wa sanatoria walipokuwa wameona mbali hata kama sababu zao zilikuwa nyingine. Utafiti uliofanyika Lima, Peru, ukachapishwa 2007, ulikuta kwamba wodi za zamani zenye dari refu na madirisha makubwa zilibadilisha hewa vizuri kuliko majengo mapya, ilmradi madirisha yawe wazi.

Basi fanya hivi katika chumba na sebule yenu. Mdogo wako alale sebuleni, dirisha wazi, na kama kuna mlango wa upande wa pili nao uachwe wazi mchana. Akae nje kadiri awezavyo. Akikohoa afunike mdomo kwa kitambaa, na avae barakoa akiwa ndani na wengine mpaka kliniki iseme inatosha. Kwa kifua kikuu kinachosikia dawa, wiki mbili za kwanza za kumeza bila kukosa hupunguza sana hatari. Ale pamoja nanyi, tena ale vizuri: maharage, dagaa, mayai, maziwa, parachichi, chochote mnachokipata. Mama alikuwa sahihi kuhusu chakula. Pombe aiache, maana dawa hizi tayari zinalielemea ini.

Usishtuke mkojo ukiwa mwekundu, hiyo ni rangi ya rifampisini. Lakini macho yakiwa ya manjano, akitapika mfululizo, ngozi ikitoka vipele vikali, au akianza kuona ukungu au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, asisubiri tarehe ya kliniki, aende siku hiyohiyo. Akikohoa damu nyingi, akikosa pumzi akiwa ametulia, au akianza kuchanganyikiwa na kuumwa kichwa kikali, mpelekeni hospitali hata usiku. Hapo kitanda kinahitajika kweli. Kama hajapima VVU apime, kwa kuwa matibabu hupangwa pamoja na baadhi ya dawa hugombana. Na mwisho wa mwezi wa 2 makohozi yapimwe tena. Yakiwa bado na bakteria, ulizia usugu, usikubali kuambiwa "endelea tu".

Kwa mama, nakushauri usibishane naye nyumbani. Nenda naye kliniki siku ya mdogo wako kuchukua dawa, mwombe mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya amsikilize, na amsimulie habari za baba yake. Watoto wa waliolazwa sanatoria wanabeba mambo mengi ambayo hawajawahi kuulizwa.

Ninachokuomba usikiahirishe ni mtoto. Ana miaka 3, amelala nyumba moja na mtu aliyekuwa akikohoa kabla ya kuanza dawa, na kwa umri huo kifua kikuu huweza kuruka hadi kwenye ubongo. Mpeleke wiki hii achunguzwe. Akikutwa hana ugonjwa atapewa dawa za kuzuia, ni bure kama zilivyo za mjomba wake. Wewe, mume wako na mama mchunguzwe siku hiyohiyo, hata kama hakuna anayekohoa.